Bombomu ya Lugard ilikuwa Maxim
Ndugu, umeuliza kama bombomu aliyokuja nayo Lugard, ofisa wa kampuni ya Kiingereza, hapa Kampala Desemba 1890 ilikuwa Vickers. Hapana, ilikuwa Maxim, tena kuukuu, iliyokwisha kuvuka Afrika na msafara wa Stanley. Vickers iliingia jeshi la Uingereza mwaka 1912. Zinafanana kwa kuwa Vickers ni Maxim iliyopunguzwa uzito. Angalia lile bomba nene lililozunguka mtutu: ndani mna maji ya kupoza chuma. Risasi ikitoka, teke lake linatupa ganda na kuvuta risasi nyingine kwenye mkanda wa kitambaa. Maxim hiyo ndiyo iliyofyatuliwa Januari 1892 dhidi ya watu wa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Simama Old Kampala, kilima cha ngome ya Lugard, uitazame Mengo, kilima cha ikulu ya Kabaka. Ni karibu mno, inaumiza.