Kukabidhi hisa za kampuni ya chipu au kusubiri dau lipande

Umeuliza kama ukabidhi hisa zako kwa mnunuzi aliyetangaza bei inayozidi ya soko, au usubiri aongeze dau. Ningetazama kwanza pengo kati ya bei ya ofa na bei ya sokoni, kwa kuwa pengo kubwa huonyesha kwamba soko lina shaka kama mpango wa kuinunua kampuni utakamilika, na katika sekta ya chipu shaka hiyo mara nyingi hutoka serikalini kuliko kwenye fedha.

Chukua ofa ya Qualcomm, kampuni ya chipu ya Marekani, kwa mwenzake NXP ya Uholanzi. Mwaka 2016 iliahidi dola 110 kwa kila hisa; wanahisa wengi hawakukabidhi, mfuko wa uwekezaji wa Elliott ukidai hadharani kwamba bei ni ndogo, na Februari 2018 dau likapanda hadi dola 127.50. Ushindi huo ulibaki kwenye karatasi, maana idhini ya China haikupatikana, na Julai Qualcomm ikajitoa na kulipa fidia ya dola bilioni 2, ambazo (wengi husahau) ziliingia kwenye kampuni ya NXP, si mfukoni mwa mwanahisa.

Kwa sheria za Marekani, ofa hukaa wazi angalau siku 20 za kazi. Kuwahi hakuna faida wala hasara kubwa: dau likipandishwa, waliokabidhi mapema nao hulipwa bei mpya, na wanaweza kuziondoa hisa zao kabla ya ofa kufungwa. Angalia tu saa ya mwisho ya dalali wako, kwani kwa kawaida hutangulia ile ya mnunuzi.