Mlima Elgon: Hesabu Usiku Kwanza

Juzi nilipata ujumbe wa msomaji mmoja wa Nakuru. Nauweka hapa karibu ulivyo: "Kaka, sisi wa ofisini tumeamua kwenda Mlima Elgon, tuko kumi na mmoja. Tunatoka Ijumaa jioni baada ya kazi, Jumamosi tunapanda, tunalala huko juu, Jumapili usiku tuko nyumbani. Tupe orodha ya vitu vya kubeba."

Nilicheka, kisha kicheko kikaniishia mdomoni. Huo mpango naujua. Niliuandika mwenyewe miaka miwili iliyopita, kwa kalamu, nyuma ya risiti, nikiwa nimekaa dukani kwangu hapa Kondele, Kisumu, nikingoja wateja wa misumari. Neno kwa neno, isipokuwa sisi hatukuwa kumi na mmoja. Tulikuwa wawili na dereva.

Wakati huo nilishapanda Longonot mara tatu, na nilikuwa na picha za kuthibitisha. Longonot ni mita 2,776. Unaacha gari chini asubuhi, unazunguka ukingo, jioni unakula nyama choma Naivasha huku ukijisifu. Nikajiona mtu wa milima. Elgon ni habari nyingine kabisa. Kilele chake kirefu kuliko vyote, Wagagai, kina mita 4,321, na kiko upande wa Uganda. Huku kwetu watu hupanda Koitobos, ule mwamba bapa kama meza, nao pia unapita mita 4,000. Mimi nilisoma namba hizo nikaona tofauti ni ya miguu tu. Nikaanza kukimbia asubuhi, Kondele hadi uwanjani na kurudi. Miguu ikawa tayari.

Niliyemchukua ni shemeji yangu, kaka mdogo wa mke wangu, mwalimu wa hesabu. Hakuwa ameomba kwenda popote. Nilimshawishi mimi. Na kwa kuwa ni mwalimu, tulienda Agosti, shule zikiwa zimefungwa. Mtu yeyote wa magharibi mwa Kenya anajua Agosti ni mwezi gani: mvua haijaenda kokote, mchana unaanza na jua, kufikia saa nane mbingu imefunga. Nilijua. Nilijiambia mvua ya mlimani itakuwa kama ya Kakamega, inapiga inapita.

Safari ya Kisumu hadi Kitale sitaisimulia, ni barabara kama barabara nyingine. Tulilala Kitale, asubuhi tukapita Endebess, tukaingia lango la mbuga la Chorlim. Kutoka pale gari hupanda msituni, kwenye podo na miti mirefu ya Elgon tiki, mbega wakikuangalia kutoka juu, halafu mianzi, halafu miti inaisha na unabaki na nyasi na upepo. Gari letu lilikwama mara mbili kwenye tope jekundu. Tulifika mwisho wa barabara, kama mita 3,500 juu ya bahari, saa kumi na mbili jioni, kunanyesha.

Fanya hesabu ambayo mwalimu wangu wa hesabu hakuifanya na mimi sikumsaidia. Kisumu iko mita 1,100 na kitu. Jana yake tulikuwa tunafuta jasho ufukoni, tukila samaki. Leo tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya pale, na hapo ndipo nilipoamua tulale. Hewa huko ni nyepesi, mwili unahitaji siku kadhaa kuizoea, na hauulizi kama ulikuwa unakimbia asubuhi. Baridi nayo: kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua nyuzi sita hivi. Usiku huko juu maji yaliyobaki sufuriani yanaweza kuamka na utando wa barafu.

Hema nililinunua soko la Kibuye, mitumba, bei nzuri sana. Sikuwahi kulisimamisha hata mara moja kabla ya siku hiyo. Ndipo nikagundua ni la safu moja, halina kile kifuniko cha nje, na nguzo moja haipo. Tulifunga kwa kamba ya viatu. Ndani ya saa moja sakafu ilikuwa dimbwi.

Sasa chakula. Nilibeba maharagwe makavu, kilo mbili, kwa sababu nilisoma mahali kwamba yanatia nguvu. Kwenye mita 3,500 maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 90. Unayaona yanatokota, unafikiri kazi inaendelea, kumbe hayana moto wa kutosha kulainisha ragwe. Tulichemsha masaa mawili na nusu. Gesi ilikuwa inaisha na maharagwe bado yanagongana kwenye sufuria kama kokoto. Tulilalia mkate.

Shemeji hakula hata huo mkate. Alisema kichwa kinamgonga. Nikampa dawa ya maumivu, nikamwambia ni uchovu wa gari. Saa sita usiku akaanza kutapika. Alitoka nje kwenye mvua mara nne, nami nikamshikia tochi, na nakiri kwamba katika kichwa changu sikuwa nawaza yeye ana nini. Nilikuwa nawaza kilele. Saa kumi na moja alfajiri akaniambia, kwa sauti ndogo, "Shemeji, mimi nataka kushuka."

Nikamjibu, "Nipe masaa sita tu."

Nikamwacha garini na dereva, nikaondoka na askari wa mbuga. Huruhusiwi kupanda huko bila askari mwenye bunduki, na ni vizuri, kwa sababu nyati wa Elgon hawana mzaha. Tulitembea ndani ya ukungu saa moja na nusu hivi. Katikati ya ile miti mikubwa ya lobelia, yule askari akaniuliza, bila kugeuka, "Mwenzako anaendeleaje?" Nikamweleza: kichwa, kutapika, hajala tangu jana. Akasimama. Hakuniuliza naonaje. Alinipita ubavuni akielekea chini na kusema, "Tunarudi."

Saa sita mchana tulikuwa langoni. Shemeji aliomba chai na mandazi, akala mandazi manne. Hakuna dawa nyingine aliyopewa. Kumbe ulikuwa ugonjwa wa urefu ule. Kushuka ndiyo dawa, na ningempa usiku ule ule kama ningekuwa na akili.

Krismasi iliyofuata, nyumbani kwa wakwe kule Vihiga, akaisimulia hadithi hiyo mbele ya ukoo mzima. Aliisimulia vizuri, watu wakacheka sana, hasa pale pa maharagwe. Baba mkwe hakucheka. Alisubiri kelele zitulie akaniuliza, "Na wewe wakati huo ulikuwa wapi?" Nilitazama sahani yangu. Mpaka leo mimi na shemeji tunasalimiana, tunaulizana habari za watoto, basi. Nataka niseme na upande wangu: yeye pia alinificha kwamba hakuwa amekula chochote tangu Kitale, na angeniambia mapema labda... Lakini naona hata nikiandika hivi haikai sawa.

Kwa hiyo wewe wa Nakuru, unaniomba orodha ya vitu. Orodha utaipata kokote. Koti la mvua, soksi za akiba, tochi ya kichwani, kofia ya sufu. Hivyo ni vya kununua. Swali langu kwako ni moja: mtalala wapi, kila usiku, na kwa urefu gani? Andika usiku kwanza. Ukishajua usiku, michana inajipanga yenyewe.

Januari mwaka huu nilirudi, na safari hii nilifika. Acha nijisifu kidogo, nimeingoja. Tulikuwa watatu: mimi, mwenye duka jirani yangu, na binti yake wa chuo, ambaye alinipita kwenye mteremko wa mwisho kama nimesimama. Januari na Februari ndiyo miezi ya kuendea: ardhi imekauka, gari linapanda, asubuhi kuko wazi. Usiku wa kwanza tulilala Kitale, mita 1,900. Wa pili kwenye mabanda ya Kapkuro, karibu na lango. Siku ya tatu tulipanda kwa miguu hadi genge la Endebess Bluff, tukakaa tukitazama bonde lote la Trans Nzoia chini yetu, mashamba ya mahindi kama viraka, kisha tukarudi kulala kule kule chini, safari hii kwenye hema. Siku ya nne tuliondoka na gari kukiwa bado giza hadi mwisho wa barabara, tukatembea kama masaa matatu, na kabla ya adhuhuri tulikuwa juu ya Koitobos. Usiku tukalala chini tena.

Umeona? Hatukulala juu hata usiku mmoja. Mchana tulipanda, usiku tukashuka, na hakuna aliyeumwa kichwa. Wale wanaotaka kuweka hema juu kabisa, au kuteremkia ndani ya kasoko, lile shimo la volkano, hadi kwenye chemchemi za maji moto za Suam, waongeze usiku mwingine hapo katikati, na mwingine wa akiba kwa ajili ya mvua. Mkiona mtu kichwa kinamuuma na chakula kinamkinai, huyo hapandi tena siku hiyo. Asipopata nafuu, anashuka. Akitapika, anashuka saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane usiku, hata kama ni bosi.

Ukiwa juu ya Koitobos unaelewa kwa nini mlima huu haufanani na kilele cha kwenye kalenda. Mbele yako kuna kasoko la karibu kilomita 40 za mraba, kingo zake zimevunjika vipande vipande, na kila kipande ni kilele chenye jina lake. Wabukusu huuita Masaba. Nilikaa nusu saa pale. Sikupiga picha nyingi kama nilivyodhani ningepiga.

Mapango nilikaribia kuyasahau. Kitum linaingia mlimani kama mita 200, na tembo huingia humo gizani kukwangua chumvi ukutani kwa pembe zao. Alama utaziona. Liendeeni, lakini kwa adabu. Mwaka 1980 na mwaka 1987 watu wawili waliokuwa wamezuru pango lile waliugua homa ya Marburg wakafa, na virusi hivyo hukaa kwenye popo. Kwa hiyo msiguse popo, msishike kinyesi chao, msilie chakula humo, oshani mikono mkitoka. Vijana wa ofisi wakianza utani wa kufukuza popo kwa fimbo, watoe nje. Pango la Makingeny lina maporomoko ya maji mlangoni, hapo pigeni picha zenu zote.

Mengine ni madogo. Malipo ya kuingia ni kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali, yamalizeni mkiwa bado na mtandao. Ulizeni langoni kama gari linafika mwisho wa barabara wiki hiyo, kwa maana mvua moja inabadilisha kila kitu. Chakula kipikwe nyumbani: chapati, mayai ya kuchemsha, omena za kukaanga kavu, maharagwe yaliyokwisha kuiva. Huko juu ni kupasha tu na kukoroga uji. Na hema lisimamisheni kwanza nyuma ya nyumba, mlimwagie ndoo tatu za maji, mmoja wenu akiwa ndani.

Na jambo la mwisho, ndugu yangu, ambalo watu hawapendi kuambiwa. Kwenye watu kumi na mmoja kuna mmoja ambaye hakutaka kuja. Amekuja kwa sababu bosi anaenda, au kwa sababu shemeji alimbembeleza. Huyo hatasema anaumwa. Mtafuteni kabla hamjatoka Nakuru, mjue ni nani, na mwendo uwe wake. Anayejiona ana mbio atangulie kuchemsha chai.

Nilimwandikia hayo yote, kwa kifupi. Nikamwambia kima cha chini ni usiku nne, kwa maana hiyo ombeni siku tatu za kazi. Amejibu jana usiku: "Bosi ametoa Ijumaa tu."

Basi nendeni Menengai. Iko hapo hapo juu ya mji wenu, mita 2,278, kasoko zuri la kutosha, na jioni kila mtu analala kwake. Elgon niulizeni tena Januari.