Ukinzani wa bawa haulingani na majaribio: nimekosea wapi?

SWALI: Nasomea uhandisi wa mitambo chuoni, na ndoto yangu ni kuwa mtaalamu wa kuiga mtiririko wa hewa ya ndege kwa kompyuta. Nimeiga bawa la NACA 0012, umbo la kawaida la bawa linalotumiwa sana kwa majaribio, kwa namba ya Reynolds (kipimo kinacholinganisha nguvu ya mwendo wa hewa na mnato wake) ya milioni 6. Nguvu ya kuinua inalingana na majaribio, lakini kwenye pembe ya sifuri, yaani bawa likiuelekea upepo moja kwa moja, kigawo cha ukinzani kinatoka 0.008, na grafu niliyo nayo inasema 0.006. Nimekosea wapi? Na je, kazi hii nitaiweza?

JIBU: Ndugu yangu, huenda hujakosea popote. Chunguza kwanza hiyo grafu ilipatikanaje. Inaelekea bawa lililopimwa lilikuwa laini kabisa, hivyo hewa iliyoambaa usoni pake ilikwenda kwa utulivu umbali mrefu kabla ya kuvurugika. Programu yako, kama umetumia modeli ya Spalart-Allmaras au k-omega SST, yaani milinganyo ya kukadiria mvurugiko wa hewa, bila kubadili kitu, inachukulia kuwa hewa imevurugika karibu tangu ukingo wa mbele. Hewa iliyovurugika husugua uso zaidi, na kwenye pembe ya sifuri sehemu kubwa ya ukinzani ni msuguano huo. Nguvu ya kuinua hutokana na shinikizo, ndiyo maana haikuguswa sana. Linganisha na vipimo vya Ladson, mtafiti wa kituo cha NASA Langley cha Marekani, vya mwaka 1988, vile ambavyo chembechembe zilibandikwa karibu na ukingo wa mbele ili kuivuruga hewa makusudi. Hapo utakuta karibu 0.008.

Kabla ya kulinganisha, ithibitishe meshi yako, yaani wavu wa seli ndogo ambamo kompyuta hukokotoa hewa. Rudia hesabu kwa meshi mbili zaidi, moja yenye seli chache na nyingine yenye seli nyingi. Jibu likiendelea kuhama, bado huna jibu. Seli ya kwanza juu ya uso iwe nyembamba kiasi cha y+ (umbali wa seli hiyo kutoka usoni, usio na kizio) kukaribia 1.

Kuhusu kuiweza: swali kama lako ndiyo kazi yenyewe. Picha za rangi za kupendeza hutoka hata hesabu ikiwa mbovu, na anayeajiriwa ni yule anayeona tofauti ya 0.002 ikamkosesha usingizi. Muda mwingi utautumia kusafisha mchoro wa kompyuta wa umbo, utajenga meshi, na utawauliza wenzako wa handaki la upepo walipima vipi. Soma sana hisabati, na uzoee Linux, Python na C++. Fortran, lugha ya zamani ya kuandikia programu, nayo bado iko hai sana katika kazi hii. Programu za kuiga mtiririko za SU2 na OpenFOAM ni za bure na msimbo wake uko wazi, kwa hiyo fungua usome modeli ilivyoandikwa. Viwandani shahada ya uzamili mara nyingi hutosha, lakini kwa utafiti katika taasisi za utafiti wa anga kama DLR ya Ujerumani au ONERA ya Ufaransa, jiandae kwa uzamivu.

Ukimaliza kulinganisha ukinzani, ongeza pembe digrii moja moja kuanzia 10, kwa modeli zote mbili. Hewa ikianza kubanduka juu ya bawa, modeli hizo huacha kukubaliana. Andika ni kwenye digrii ngapi, kisha utafute sababu.