Filamu Yangu Inachosha: Ninunue Kamera?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasomea utengenezaji wa filamu, mwaka wa pili, hapa Dar es Salaam. Muhula uliopita nilitengeneza filamu ya dakika 11 kuhusu mama anayekaanga samaki pale sokoni Feri. Nilipoionyesha darasani, kufika dakika ya tatu wenzangu walishaanza kuchati. Mkufunzi akaandika maneno mawili tu: "Mpangilio dhaifu." Mwalimu, storibodi (michoro ya kila shoti kabla ya kupiga) nilichora, tena kurasa nyingi, na picha ni safi. Tatizo naona ni mama mwenyewe: uso wake haubadiliki hata sehemu ya huzuni. Kamera ni ya kuazima. Rafiki yangu anasema nikipata yangu ya 4K nitapiga hatua, na mjomba yuko tayari kunikopesha. Nimekutumia filamu na storibodi. Nishauri.
— Mwanafunzi, Temeke

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimeitazama filamu yako, kisha nikazima sauti nikaitazama tena. Pesa za mjomba zibaki kwa mjomba.

Hiyo 4K ina nukta (pikseli) mara nne ya picha unayopiga sasa: 3840 kwa 2160, badala ya 1920 kwa 1080. Itakupa nafasi ya kuikata picha kingo zake wakati wa kuhariri bila kuharibika. Itakujazia pia diski, na laptopu yako itaanza kukwama. Hakuna hata shoti moja, yaani kipande cha picha kilichopigwa kwa mfululizo, kati ya zako ambayo ingeokolewa na nukta hizo.

Tuanze na mama, kwa kuwa umemwonea. Miaka ya mwanzo ya sinema ya Urusi, mwongozaji Lev Kuleshov alichukua uso wa mwigizaji mmoja, Ivan Mozzhukhin, uso uliotulia tu, akaubandika karibu na sahani ya supu, kisha karibu na jeneza la mtoto, kisha karibu na mwanamke aliyejilaza. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu mwigizaji kwa kuonyesha njaa, huzuni na tamaa. Uso ulikuwa uleule. Waliojaza hisia ni watazamaji wenyewe, kwa sababu ya picha iliyofuata.

Sasa rudi kwenye yako, dakika ya nane. Mama anatazama kushoto, kimya, muda mrefu. Uso mzuri kweli! Halafu unatupeleka wapi? Kwenye kunguru juu ya bati. Kama baada ya uso huo ungetuonyesha sinia la samaki waliobaki alasiri, wateja wakipita bila kusimama, hakuna ambaye angesema mama hana huzuni. Lakini sinia hilo huna. Nimelitafuta filamu nzima. Linaonekana pembeni tu, nusu limekatwa na kiwiko cha mtu.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaofundisha kwamba unapanga, unapiga, unahariri, na ujuzi unakua kwa mpangilio huohuo. Kwa mwanafunzi mimi naona unakua kinyumenyume. Ukihariri unagundua ulichokosa kupiga. Ukienda kukipiga unagundua ulichokosa kupanga. Storibodi uliyochora kabla hujawahi kukwama mezani kwa mhariri ni michoro tu. Yako ina michoro mizuri, mkono unao, lakini karibu kila kisanduku kina mtu mzima, kichwa hadi miguu, na hakuna panaposema shoti hiyo ipo kwa ajili gani. Wanafunzi wangu huwa nawaambia waongeze safu kando ya orodha yao ya shoti: hapa mtazamaji anajua nini ambacho sekunde kumi zilizopita hakukijua? Safu ikibaki tupu, shoti hiyo haipigwi. Bahari yako, mitumbwi, kunguru, na bahari tena, zote zingefia hapo, na filamu ingeanzia inapostahili.

Inastahili kuanzia wapi? Dakika ya sita. Mama anahesabu chenji, vidole vina mafuta, anaifuta noti kwenye kanga kabla ya kumpa mteja. Umemkata baada ya sekunde mbili! Mtu anayejali noti ya mteja isipate mafuta wakati yeye mwenyewe anaungua na moto tangu alfajiri: hiyo ndiyo filamu yako, na umeipita kama daladala lililojaa.

Kwa hiyo kazi yako ni hii. Usipige chochote kipya kwanza. Fungua taimlaini mpya kwenye programu ya kuhariri, tumia picha ulizonazo, punguza hadi dakika nne. Bila muziki, maana muziki wako unaficha mahali ulipounganisha shoti vibaya. Weka daftari pembeni, na kila unapotafuta shoti ukaikosa, iandike. Nadhani najua nusu ya utakayoandika: mikono yake peke yake, kile anachokitazama, uso wa mteja anayesikiliza bei, mama akiingia na kutoka kwenye fremu, yaani eneo linaloonekana kwenye picha. Hii ya mwisho umeikosa kabisa kwa sababu kila akisogea unamfuata na kamera. Muache atoke. Fremu ikibaki tupu kidogo, mhariri anapata pa kukatia. Na ukibonyeza kurekodi, hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla hujatikisa chochote.

Daftari hilo ndilo storibodi yako mpya. Rudi nalo Feri asubuhi moja tu, umwombe mama ruhusa upya, na uongozi wa soko pia, maana kukuruhusu mwezi ule si kukuruhusu milele. Fika mapema, kati ya saa 12 na saa 2 jua linaingia kwa ubavu na uso unapata umbo. Saa sita liko utosini, macho yanageuka mashimo meusi, kama ilivyokutokea kwenye mahojiano.

Mengine mawili ya kurekebisha ukiwa hukohuko. Mama na mteja wakizungumza, chora akilini mstari kutoka kwake hadi kwa mteja, kisha kaa upande mmoja wa mstari huo. Wewe umeuvuka, ndiyo maana wote wawili wanatazama kushoto na inaonekana wanaongea na mtu wa tatu ambaye hatumwoni. Na sauti: kabla ya kuondoka, nyamazisheni timu yenu, rekodi angalau nusu dakika ya Feri yenyewe, injini za boti, wapiga mnada, kila kitu. Sasa hivi kila unapokata picha, mlio wa injini unakatika nao, na sikio linashtuka kabla ya jicho. Ukiwa na sauti hiyo utaitandaza chini ya sini (onyesho) nzima. Ukizoea, jaribu mafuta ya kukaangia yaanze kusikika sekunde moja kabla hatujaliona karai. Utaona mkato wenyewe unavyopotea.

Nitumie hiyo ya dakika nne kabla hujarudi kupiga. Na daftari pia, tafadhali, hata kama mwandiko ni mbaya.

SWALI: Mwalimu, nikipiga picha ndani usiku, mistari myeusi inapandapanda kwenye video. Kamera imeharibika?
— Msomaji, Morogoro

JIBU: Haijaharibika. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi huzima na kuwaka mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Weka fremu (picha) 25 kwa sekunde na shata, yaani muda kamera inaopokea mwanga wa kila picha, 1/50 ya sekunde, au 1/100 kama mwanga ni mwingi. Nadhani uko kwenye fremu 30 na shata 1/60, maana simu na kamera nyingi huja zimewekwa hivyo. Kama simu yako haikuruhusu kuchagua shata, pakua programu ya kamera inayoruhusu. Mistari ikibaki hata baada ya hapo, taa yenyewe ndiyo mbovu. Zipo LED za bei rahisi ambazo hakuna shata inayoziweza. Badilisha balbu, au sogeza sini mchana karibu na dirisha.