Protini kwenye mkojo, niache mayai?

SWALI: Shikamoo dokta. Nina mimba ya pili, wiki 13. Ile ya kwanza nilifika wiki ya 34 presha ikapanda mpaka 160 kwa 110, mkojo ukaonekana una protini, nikakimbizwa operesheni, namshukuru Mungu mtoto yupo ana miaka mitatu sasa. Mama mkwe kanambia safari hii niache mayai, maharage na dagaa maana ndo zilileta hiyo protini. Halafu wifi yangu yuko London, presha ilivyompanda na mimba wakamtoa damu eti wanaangalia protini ya kondo la nyuma, wakamruhusu akalale kwake. Ndo hiyohiyo au? Na mimi nakipata wapi hicho kipimo? – Mama Junior, Morogoro

JIBU: Marahaba mama. Mayai rudisha mezani leo, na dagaa pia, mama mkwe nisalimie ila hapo hapana.

Ile ya kwenye mkojo haitoki kwenye sahani. Ni albumini, protini ya damu yako mwenyewe, figo zikiwa nzima haipiti ila zikiumia inavuja kama majani ya chai kwenye chujio lililotoboka. Nesi anachovya kile kikaratasi, njano inageuka kijani, anaandika plasi mbili kwenye kadi, basi. Ungekula trei nzima isingegeuka.

Ya wifi yako ni nyingine kabisa. Kondo la nyuma linatoa protini inaitwa PlGF, inayoitunza mishipa ya damu ya mama. Sasa kuna kondo ambalo tangu mwanzo halikujishika vizuri, mishipa ya kizazi haikutanuka, damu inalifikia kidogo, likizidiwa linamwaga protini nyingine, sFlt-1, na hii ndo mbaya wetu, inaidaka PlGF humohumo kwenye damu kabla haijafika kwenye mishipa, kama dalali anavyodaka wateja stendi dukani wasifike. Mishipa ikikosa matunzo inabana, presha inapanda, figo zinavuja, na ndo tunakuja kuona kile kikaratasi kimegeuka. Yaani mkojo ni habari ya mwisho mwisho. Mwaka 2003 timu ya Dk. Ananth Karumanchi kule Boston iliwaongezea panya sFlt-1, wakapanda presha na mkojo ukawa na protini, hata wasio na mimba!

Kipimo cha wifi yako kinalinganisha hizo mbili, sFlt-1 kwa PlGF. Uwiano ukiwa 38 kushuka chini, uwezekano wa kupata kifafa cha mimba, yaani hiyo hali ya presha na protini iliyokupata wewe, ndani ya wiki moja ni mdogo sana, ndo maana mtu anaweza kuruhusiwa akalale kwake. Ila ni cha mama aliyevuka wiki 20 na ameanza kutiliwa shaka, kwa hiyo wiki hii hata ungekuwa naye huko kisingekuwa chako. Kliniki zetu nyingi hazina, na Marekani wenyewe wamekiruhusu 2023 tu, usijione umeachwa sana.

Chako wewe ni aspirini ndogo. Aliyewahi kupata hali kama yako, Shirika la Afya Duniani linashauri miligramu 75 kila siku, ianze kabla ya wiki 20, na utafiti wa 2017 uliotumia 150 usiku kuanzia wiki 11 hadi 14 ulipunguza kifafa cha mimba cha kabla ya wiki 37 kwa zaidi ya nusu. Wewe uko wiki 13, yaani muda ndo huu! Usijinunulie duka la dawa, nenda kliniki wiki hii na karatasi za ile operesheni, waambie presha ilifika ngapi na wiki ya ngapi, na kama una vidonda vya tumbo sema.

Kichwa kikiuma kisipoe, ukiona vinyota, uso ukivimba au maumivu chini ya mbavu kulia, usingoje tarehe ya kadi, nenda hata usiku. Na ukishajifungua presha iendelee kupimwa, maana kondo limetoka lakini kifafa kinaweza kuja hata siku kadhaa baadaye, wakati wageni wamejaa sebuleni na kila mtu anamwangalia mtoto.