Kabla ya Kununua Shati Jingine, Nunua Futikamba

Ipo picha yangu ya siku ya mahafali ambayo mama ameitundika sebuleni na hataki kusikia habari ya kuitoa. Nimevaa suti nyeusi. Mabega ya koti yameishia kwake, na mabega yangu yameishia kwangu. Mikono imefunika vidole hadi kwenye kucha, na suruali imejikusanya juu ya viatu kama pazia refu kwenye dirisha fupi. Nilikuwa na miaka 23, na siku ile nilijiona nimependeza kweli.

Chanzo chake nakijua. Tulipokuwa wadogo, nguo zilinunuliwa kubwa makusudi. "Atakua nayo," wazazi walisema, na walikuwa na haki, maana mtoto hukua na pesa haikui. Shida ni kwamba wengi wetu miili iliacha kurefuka zamani, ila jicho halikupewa taarifa. Tukiingia dukani mkono unakwenda wenyewe kwenye saizi kubwa, na nguo isiyogusa mwili popote ndiyo tunayoiona imekaa.

Aliyenifungua macho ni fundi cherehani niliyempelekea shati arudishie kifungo. Nililivaa kwenda kwake, nikalivua pale. Aliligeuza mara mbili, kisha akaniuliza:

"Kijana, hili shati lako?"

"Langu, fundi."

"Nilidhani umeazima."

Alitoa futikamba shingoni mwake, akanipima nikiwa nimesimama na fulana ya ndani, huku akiandika kwa kalamu kwenye kipande cha boksi: shingo 38, mabega 44, kifua 94, kiuno 79, nyonga 95, mkono 62, mguu kwa ndani 80. Kisha akalilaza shati mezani, akapima kutoka mshono wa bega moja hadi la pili. Sentimita 50.

"Sita zimezidi. Hizi sita unamvalia nani?"

Kile kipande cha boksi nilikipiga picha, na hadi leo kipo kwenye simu. Tangu siku hiyo sijanunua nguo kwa kuangalia herufi. M ya mtengenezaji huyu ni L ya yule, na namba za suruali nazo haziaminiki: nimewahi kupima suruali iliyoandikwa inchi 32, ambazo ni kama sentimita 81, nikakuta kiuno chake kina 86. Mtengenezaji anajua wateja hufurahi kuambiwa wana kiuno chembamba. Futikamba haimbembelezi mtu, na bei yake haifiki hata ya soksi nzuri.

Kujipima mwenyewe kuna usumbufu wake, hasa mabega, mwombe mtu akusaidie. Lakini kuna njia rahisi zaidi ambayo naitumia kila ninaponunua kitu mtandaoni: chukua shati lako moja lililokukaa vizuri kuliko yote, lilaze juu ya meza, linyooshe bila kulivuta, ulipime. Bega hadi bega. Kwapa hadi kwapa, halafu zidisha kwa mbili upate mzunguko wa kifua. Urefu kuanzia chini ya kola hadi pindo. Mkono. Vipimo hivyo ndivyo unavyovilinganisha na vya nguo unayoitaka, nguo kwa nguo. Ukilinganisha kifua chako na kifua cha shati utapotea, kwa sababu shati lazima lizidi mwili ndipo uweze kupumua na kunyoosha mikono. Kwangu mimi shati la vifungo hukaa vizuri likizidi kifua kwa sentimita 10 hadi 14. Fulana, chini ya hapo kidogo.

Sasa, dukani ama kwenye rundo la mitumba, kitu cha kwanza kuangalia ni mabega. Kabla ya rangi na kabla ya bei. Mshono unaounga mkono ukae pale mfupa wa bega unapoishia. Ukiteremka kuelekea kwenye mkono, nguo ni kubwa. Ukipanda kuelekea shingoni, ni ndogo. (Zipo nguo zinazoshonwa makusudi zikiwa na bega lililoanguka, na hizo zina mashabiki wake. Nazungumzia shati la kawaida.) Ninasisitiza mabega kwa sababu ndipo fundi anapokugharimu. Kupunguza ubavu ni mishono miwili iliyonyooka. Kupunguza bega kunataka mkono ung'olewe, tundu la kwapa likatwe upya, kisha mkono urudishwe bila kukunjamana. Kwenye koti la suti ni balaa zaidi kwa sababu ndani ya bega kuna pedi na tabaka za kitambaa cha kuimarisha. Nililipeleka lile koti la mahafali kwa fundi yuleyule. Alilishika begani, akalibonyeza, akanirudishia bila neno.

Nguo ikishapita mabegani, mengi yaliyobaki yana dawa. Mikono mirefu inapunguzwa, ubavu unaingizwa, pindo linapanda. Kola ikifungwa hadi kifungo cha juu, vidole viwili vipite kati ya kitambaa na shingo. Vikipita vinne, liache shati hapohapo lilipo, kwa sababu kola haina dawa ya bei nafuu. Mkono wa shati uishie kwenye kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia. Shati la kuvaliwa nje ya suruali lisishuke chini ya katikati ya zipu, la sivyo litakufupisha miguu.

Suruali ina mambo yake. Kiuno kikizidi kwa sentimita tatu au nne, fundi anafungua mshono wa nyuma, anaingiza, na hakuna atakayejua. Kikizidi sana, mifuko ya nyuma inaanza kusogeleana mpaka inakaribia kusalimiana. Kupanua ni habari nyingine kabisa: geuza suruali nje ndani uone kama fundi wa kwanza aliacha kitambaa cha ziada kwenye mshono. Suruali nyingi za kitambaa huachiwa. Jinzi nyingi haziachiwi kitu. Na eneo la kati, pale miguu inapokutana, likiwa limeshuka hadi karibu na paja, usijidanganye kwamba litapandishwa. Mimi nimejidanganya mara mbili.

Urefu ndio unaoonekana na kila mtu. Ninapenda suruali iguse kiatu kwa mbele na kukunjika kidogo tu, mara moja. Nikipelekea fundi ninavaa viatu nitakavyovivaa nayo, nasimama wima, naangalia mbele. Ukiinama kutazama pini zinavyochomekwa, suruali nayo inashuka, na kipimo kinaharibika.

Hapa nikiri kosa lililoniuma. Nilinunua jinzi nzito, ya pamba tupu, nikaipeleka kukatwa siku ileile kwa sababu nilikuwa na safari kesho yake. Ikakaa vizuri mno. Nilipoifua kwa mara ya kwanza, kwa maji ya moto, ikarudi karibu sentimita tatu, na nikabaki na suruali inayoonyesha soksi nikiwa nimesimama. Pamba ambayo haijawahi kuloweshwa hurudi. Fua kwanza, anika, ikauke kabisa, kisha ndipo uende kwa fundi. Na mwambie asikate kitambaa kinachobaki, akikunjie ndani.

Kwenye mitumba na nguo zozote za bei nafuu, ninachotazama ni mahali nguo inapoteseka. Zile pini ndogo za shaba kwenye kona za mifuko ya jinzi hazikuanza kama urembo. Zilibuniwa na fundi cherehani, Jacob Davis, aliyepata hataza pamoja na Levi Strauss mwaka 1873, kwa sababu mifuko ya suruali za wafanyakazi ilikuwa ikichanika pale pale kila siku. Kila nguo ina pale pale pake. Kwenye shati ni kola kwa ndani, kwapa na viwiko. Kwenye suruali ni katikati ya mapaja, pindo la nyuma linalokanyagwa na kisigino, na zipu. Naielekeza nguo kwenye mwanga nikiwa nimeinyoosha kwa mikono miwili. Mwanga ukipenya mapajani kuliko sehemu nyingine, kitambaa kimechoka na kitapasuka siku utakapoinama mbele za watu. Zipu naipandisha na kuishusha mara tano, si mara moja. Doa la jasho la njano chini ya kwapa huondoka kwa shida, achana nalo. Kifungo kilichokosekana, kwa upande mwingine, ni sababu nzuri ya kuomba punguzo.

Kitambaa nacho kina maneno. Kibandiko cha ndani kikisema pamba asilimia 98 na elastani asilimia 2, hiyo suruali itavutika kidogo unapokaa, na ni jambo jema. Elastani ikichoka, magoti yatatoka mapovu na hayatarudi. Polista tupu haikunjamani ila inashika joto na harufu ya jasho. Fulana ya pamba nyepesi sana inapendeza dukani, kisha baada ya kufuliwa mara chache mshono wa ubavuni unazunguka hadi mbele kama umepotea njia. Ishike, ikunje kiganjani, ifungue. Ikiwa unaona vidole vyako kupitia fulana nyeupe, utaona na vingine ukiivaa.

Kuna vijana watakaosoma haya na kuelewa kwamba nguo iliyokaa ni nguo iliyobana. Hapana jamani. Nilipotoka kwenye mabwanga ya mahafali nilikimbilia upande wa pili, nikawa navaa suruali ambazo kuivua ilikuwa kazi ya watu wawili. Dalili za kubana zinajulikana: kifungo cha tumbo kinachora mikunjo yenye umbo la X, mifuko ya pembeni inafunguka kama masikio, na ukikaa simu inachora ramani yake pajani. Kama mwili wako ni mwembamba, vitambaa vinene kidogo na mstari ulionyooka vitakusaidia kuliko kubana, maana nguo ya kubana hutangaza wembamba. Kama una mwili mkubwa, usijifiche kwenye hema. Kitambaa kinachoning'inia kutoka kwenye tumbo humfanya mtu aonekane mnene kuliko alivyo. Mabega yakae mahali pake na shati literemke taratibu, basi.

Kuhusu rangi sina mengi. Mwaka 2012 Barack Obama, akiwa rais wa Marekani, alieleza kwamba huvaa suti za kijivu au za buluu tu ili asiwe na uamuzi mwingine wa kufanya asubuhi. Mimi si rais wa chochote lakini nilimwelewa. Suruali zangu ni nne: buluu iliyokoza, kijivu, kaki na jinzi moja isiyo na michubuko. Mashati na fulana yapo meupe, ya buluu hafifu, na mawili ya kijani kibichi kilichofifia ambayo nayapenda bila sababu. Nikifumba macho na kuvuta juu moja na chini moja, vinaelewana. Nyeusi niliipunguza. Watu huiita rangi salama, lakini nyeusi ya bei nafuu huchuja haraka na kugeuka kuwa kahawia ya huzuni, na suruali nyeusi iliyochuja haikubaliani hata na shati jeusi jipya.

Mtindo wako mwenyewe utautoa wapi? Mimi nilijaribu kuuiga kwa rafiki yangu ambaye ni mrefu, ana mabega mapana, na akivaa gunia linamtoa. Nilinunua kila alichonunua. Kwake kilikuwa mtindo, kwangu kilikuwa mzigo. Kilichokuja kunisaidia ni kitu cha kivivu sana: kwa miezi miwili nilijipiga picha moja kila asubuhi mbele ya kioo, mwili mzima, kisha nikasahau. Nilipozipitia baadaye niligundua siku ambazo nimesimama vizuri, kifua mbele, nilikuwa nimevaa karibu vitu vilevile: shati lenye mikono iliyokunjwa mara mbili, suruali isiyo na mapambo, raba nyeupe safi. Siku za fulana zenye maandishi makubwa nimesimama kama ninaomba radhi. Zile fulana niliwagawia wadogo zangu.

Viatu vinunue jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, na kiatu kinachokutosha asubuhi kinaweza kukuadhibu saa kumi. Jozi mbili zinazopokezana zitadumu kuliko moja inayovaliwa kila siku bila kupata nafasi ya kukauka.

Kufua je? Geuza nje ndani, maji baridi, anika kivulini. Pasi usiiogope, shati la bei ya chini lililopigwa pasi kwenye kola na vishikizo vya mikono linalishinda la gharama lililotoka kwenye kapu.

Wiki iliyopita yule rafiki yangu wa mabega mapana alinipigia akiwa dukani. Ameona koti, limepunguzwa bei, limebaki moja, muuzaji anamwambia limemtoa, nimshauri haraka. Nikamwuliza mabega yana sentimita ngapi. Akanyamaza. Kisha nikamsikia, kwa sauti ya chini kidogo, akimwuliza muuzaji kama ana futi.