Gari Mpya Imegongwa Kabla Sijaichukua, Niipokee?

Shikamoo anko. Mi ni msomaji wako wa siku nyingi, nakaa Tabata. Nimenunua gari mpya kabisa, zero kilomita, sio hizi za kutumika kutoka Japan. Nimejibana miaka mingi nikaweka asilimia 30 yangu, benki wakamalizia. Kadi imeshatoka, bima kubwa nimeshakata maana benki hawaachii hela bila bima, nikaambiwa njoo Alhamisi uchukue gari yako. Jumatano jioni kaka wa mauzo ananipigia, anaanza kuniuliza habari za watoto, nikajua tu hapa kuna jambo. Kumbe dereva wao alikuwa anaitoa kwenda kuosha akapiga rivasi kwenye nguzo. "Kitu kidogo tu bosi, mafundi wetu wataiweka kama ilivyokuwa, Jumatatu unachukua." Nimeomba picha kanitumia moja ya mbali, gari inaonekana nusu na nguzo haionekani kabisa. Wife anasema hela irudi, mjomba anasema nisisumbue watu, gari ni bati tu. Alafu jana ndo kaniacha hoi, anasema ili mambo yaende chapchap nipitishie kwenye bima yangu kwa kuwa iko hai. Nifanyeje anko?

Marahaba mpwa wangu, na pole sana, maana najua ulivyokuwa umeshapanga njia ya kupita nayo mtaani siku hiyo ya Alhamisi.

Naanza na hilo la mwisho kwa sababu ndo linaloniudhi. Bima yako usiiguse. Gari iligongwa na dereva wao, ndani ya yadi yao, funguo zikiwa mikononi mwao, sasa klemu iandikwe kwa jina lako kwa sababu gani? Ukikubali, ile hela ya kuchangia kwenye klemu unatoa wewe, rekodi ya ajali inakaa kwako, mwakani ukienda kukata bima tena unaulizwa umewahi kudai unasema ndio, na gari yenyewe hujaiendesha hata mita moja. Wao wana bima yao ya biashara, na kama hawana hiyo ni shida ya kwao na mhasibu wao. Mjibu kwa wasap au barua pepe, sio kwa simu: sitatumia bima yangu. Basi, usieleze sana.

Sasa wataleta hoja ya pili, kwamba kadi ina jina lako kwa hiyo gari ni yako na hasara ni yako. Hii inawatisha watu wengi. Ni kweli Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema kwa kawaida hasara inamfuata mwenye mali, lakini sheria hiyo hiyo haimwondolei muuzaji wajibu wa kuitunza mali ya mtu anapokuwa bado anayo mkononi. Ukimwachia fundi cherehani kitambaa chako akakichoma na pasi, hawezi kukuambia kitambaa ni chako kwa hiyo hasara ni yako. Kwa hiyo iwe gari ilishakuwa yako au ilikuwa bado ya kwao, kwenye nguzo ile wamegonga wao.

Cha kufanya kesho asubuhi: nenda. Na uwaambie kabla hujatoka nyumbani kwamba wasianze kazi yoyote na wasiioshe, maana gari iliyolowa maji inaficha mikwaruzo na gari iliyoshanyooshwa ndo imeficha kila kitu. Itolewe nje kwenye jua, zile taa za shorumu zinafanya kila rangi iwe nzuri. Kwenda na fundi bodi unayemwamini ni hela ndogo sana ukilinganisha na mkopo ulioubeba.

Ukifika jiulize jambo moja tu, wameumiza kitu gani? Hapa ndo penye mambo yote. Bampa ni plastiki, inafunguliwa inawekwa nyingine mpya. Boneti, milango, fenda za mbele, mlango wa buti, hivyo vyote vimefungwa kwa bolti, kikiharibika kinavuliwa kinaletwa kingine, tatizo linabaki kwenye rangi tu. Lakini ule ubavu wa nyuma unaopita juu ya tairi mpaka kwenye nguzo ya kioo, ule haukufungwa, umechomelewa kiwandani pamoja na bodi yote. Kuubadilisha ni kukata kwa msumeno na kuchomelea upya, kuunyoosha ni nyundo na puti, ule udongo wa kuzibia mabonde kwenye bati. Na rivasi kwenye nguzo, mpwa wangu, mara nyingi inaanza na bampa inaishia hapo kwenye ubavu. Funua kapeti la buti, toa tairi la spea, angalia bati la chini kama limejikunja au rangi imepasuka kwenye maungio. Kama limejikunja, usiipokee hiyo gari. Mimi ningesema hivyo hata kama wangenipa punguzo la nguvu.

Rangi nayo ina hadithi yake. Kiwandani bodi inapakwa ikiwa tupu, haina viti wala waya wala vioo, inapita kwenye tanuri la joto la nyuzi kama 140. Gereji hawawezi kufanya hivyo kwa gari nzima iliyokamilika, plastiki na vifaa vya umeme vingeharibika, wanakausha kwenye nyuzi kama 60 na rangi zao ni za aina nyingine. Fundi mzuri anatoa kazi safi, sikatai, nimeziona ambazo hata mimi mwenyewe zilinipita. Ila "kama ilivyokuwa" sio neno la kweli.

Kama ni bampa peke yake, mimi nisingegombana. Ningetaka bampa mpya ya kampuni, sio kuzibwa ile, sensa na kamera ya nyuma vijaribiwe mbele yangu, waranti ya rangi na kutu iandikwe kwamba inaendelea kama kawaida, na kitu kidogo kwenye bei, na yote hayo yawe kwenye karatasi yenye mhuri kabla sijasaini kupokea. Kusaini ndo silaha yako. Ukishasaini "nimepokea ikiwa katika hali nzuri" na kupiga picha na lile riboni jekundu, huyo kaka wa mauzo hata simu yako ataanza kuipokea kwa zamu.

Kama ni bati lililochomelewa, omba gari nyingine. Watakataa mwanzoni na nikuambie kwa nini, sio kwamba hawana. Gari ikishasajiliwa na kutoka kadi, wakiirudisha pale shorumu sio zero tena kwenye karatasi, anayefuata atakuwa mtu wa pili na atataka bei ya mtu wa pili. Ndo maana wanakuita bosi na kukuambia kitu kidogo. Gari nyingine maana yake chasisi namba nyingine, kwa hiyo kadi nyingine, bima ihamishwe, karatasi za benki zibadilike, itachukua muda na gharama zote hizo ni za kwao, lisemee hilo mapema. Na benki wajulishe leo kwa maandishi, usiwafiche kana kwamba umekosea wewe. Ile gari ni dhamana yao, hawafurahii dhamana iliyopigwa nyundo, na dila, yaani muuzaji wa magari, anayepata wateja kupitia benki akipigiwa simu na benki anasikia haraka kuliko akipigiwa na wewe na mimi. Waulize pia rejesho la kwanza linaanza lini, usije ukawa unalipa gari iliyolala kwao.

Mjomba msalimie. Gari ni bati kweli, lakini siku ukitaka kuiuza mnunuzi atakuja na fundi wake anagonga bodi kwa vidole ko ko ko, akifika ubavuni sauti ikabadilika utaulizwa ilipata ajali wapi. Utasema haijawahi, ilipata kabla yangu? Nani atakuamini.

*

Anko habari. Niko Mwanza. Nilinunua gari mpya, miezi mitatu imepita, juzi nimempelekea fundi polishi akaweka kile kimashine chake akaniambia boneti imepigwa rangi upya, namba ni kubwa kuliko sehemu nyingine. Mi sijawahi kuigonga. Nilisaini wakati wa kupokea. Nishachelewa?

Hujachelewa ila kazi ni ngumu kidogo, kwa sababu swali la kwanza watakalokuuliza ni kwamba miezi mitatu gari ilikuwa kwa nani.

Hicho kimashine kinapima unene wa rangi kwa maikroni, yaani milimita moja ukiigawa mara elfu. Gari nyingi za kiwandani zinasoma kati ya 80 na 180 hivi, ikirudiwa rangi inaenda 250, 300, na kama chini kuna puti inapita 500 hadi elfu huko. Sio namba moja inayokuambia, ni tofauti. Kwa hiyo mwambie fundi apime gari yote, kila bati sehemu kadhaa, na picha zipigwe namba zikionekana. Kwenye bampa asihangaike, kimashine cha kawaida hakisomi plastiki. Alafu aangalie bolti zinazoshika boneti kama rangi yake imekwaruzwa na spana, na mipira ya pembeni kama ina vumbi la rangi. Ukimaliza andika barua kwa dila, taja chasisi namba, omba nakala ya karatasi ya ukaguzi waliofanya kabla ya kukukabidhi. Hiyo karatasi ipo, gari mpya inakaguliwa ikitoka melini na inakaguliwa tena kabla ya kutoka shorumu, mahali fulani kuna mtu alitiki kisanduku.

Kuhusu sahihi yako, sheria inatofautisha kasoro ambayo ungeiona ulipoikagua na ile iliyojificha. Kioo kilichopasuka ukasaini, umekwisha. Rangi juu ya rangi, mtu wa kawaida anaionaje kwa macho? Wakikupuuza, pita Tume ya Ushindani, FCC, wana kazi ya kumlinda mlaji na malalamiko wanapokea.

Na usijione mjinga kwamba hukuona. Kule Marekani, jimbo la Alabama, daktari mmoja anaitwa Ira Gore alinunua BMW nyeusi mpya mwaka 1990 kwa dola elfu 40 na ushee, akakaa nayo miezi tisa anajidai nayo barabarani, siku kaipeleka ing'arishwe ndo fundi akaona imepakwa rangi upya. Ikatoka mahakamani kwamba kampuni ilikuwa na utaratibu, gari ikiharibika njiani na gharama ya matengenezo ikiwa chini ya asilimia 3 ya bei, inauzwa kama mpya na dila haambiwi. Matengenezo ya gari yake yalikuwa dola 601 tu. Baraza la mahakama, wale raia wanaoketi kuamua kesi, likampa dola 4,000 za hasara, na juu yake milioni 4 za kuiadhibu kampuni! Mahakama ya Juu ya Alabama ikazikata hadi milioni 2, mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema hata hizo zimezidi mno, mwishoni zikabaki elfu 50. Sisi huku mamilioni ya namna hiyo tusahau, ila hizo 4,000 ndo za kuangalia, zilikuwa tofauti ya thamani kati ya gari mpya na gari mpya iliyorudiwa rangi, kama asilimia 10 ya bei. Hiyo ndo hesabu ya kwenda nayo kwenye meza ya mazungumzo. Usidai bei ya kupaka boneti, imeshapakwa. Dai kilichopungua kwenye thamani.

*

Ami, hujambo. Mimi niko Mombasa. Gari yangu mpya imefika na mkwaruzo mlangoni na rimu moja imechunika. Fundi kakadiria shilingi 85,000. Dila ataka kunipa mikeka ya miguuni na servisi ya kwanza bure, asema ndiyo fidia. Wakili wanitajia bei kubwa kuliko huo mkwaruzo.

Sijambo. Mikeka ya miguuni kwa mlango uliochunwa, haya. Ulizia hiyo servisi ya kwanza, kwa gari nyingi mpya ilikuwa bure tangu mwanzo.

Wakili wa nini. Kwenu kuna Mahakama ya Madai Madogo chini ya sheria ya mwaka 2016, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja za Kenya, unakwenda mwenyewe na karatasi zako, na kesi yatakiwa iishe ndani ya siku 60. Kuuziana bidhaa na uharibifu wa mali vyote vimo. Kwanza waandikie, wape siku 14, ambatanisha makadirio ya mafundi wawili na sio mmoja, na picha zenye tarehe. Kama bado hujaichukua, iandike kasoro hiyo kwenye karatasi ya makabidhiano kwa mkono wako, mlango gani na rimu gani, wao nao wasaini. Wakikataa kusaini, piga picha hiyo karatasi ukiwa palepale kaunta, na gari iache walale nayo.